Nani Aliliona Jani Hilo?



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, lipo jambo ambalo wengi hulichukulia jepesi. Wanafunzi wetu wa jioni hutujia na madaftari ya sayansi ya shuleni, na ndani yake tunasoma: "Tulidondosha iodini juu ya jani, likawa bluu-nyeusi." Tukiwauliza nani aliliona jani hilo, huinamisha vichwa. Wamenakili kitabuni.

Sisi tunaona hili si dogo. Mwenye kuandika "niliona" ametoa ushahidi. Nanyi mnaosoma Hadithi mnajua jinsi wanavyuoni walivyomchunguza msimulizi: amesikia kwa nani, na je, walikutana? Daftari la sayansi nalo lina msimulizi wake.

Tena jaribio lenyewe si zito. Mharage uliopandwa kwenye kopo ukae gizani siku mbili ili wanga uliomo majanini uishe. Kisha funika sehemu ya jani moja kwa karatasi nyeusi, uuweke juani kutwa. Jioni lichume, lichemshe kidogo kwa maji, litie katika spiriti ya moto mpaka ukijani utoke, lisuuze, halafu idondoshe hiyo iodini. Palipopata mwanga pana wanga, pataiva bluu-nyeusi. Palipofunikwa patabaki na rangi ya iodini tu, ya hudhurungi.

Na pasipogeuka? Andika kwamba hapakugeuka! Pengine mawingu yalitanda, pengine ukijani haukutoka wote. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Cairo katika karne ya 11, aliuchunguza mwanga kwa majaribio, hakutosheka na maneno ya waliomtangulia.

Wapo wazazi wanaouliza madrasa na majani wapi na wapi. Tunawaomba warejee Suratul An'am, aya ya 99, inayotaja mimea ya kijani na kutuamrisha tuyatazame matunda yake.

Wazazi, spiriti hushika moto upesi. Chombo chake kiwekwe ndani ya maji ya moto, jiko likiwa limezimwa, na mtu mzima awepo. Asiye na spiriti aingize kitawi chenye majani, kikiwa bado mtini, ndani ya chupa tupu ya maji, azibe mdomo kwa pamba, aache juani. Adhuhuri aangalie matone. Chupa ya pili aitie kijiti kikavu, alinganishe, kisha aandike alichokiona.