Kompyuta ya Baiskeli kwa Njia za Ogwedhi: Usinunue Ramani Tupu

Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu ya kazi ya ofisi, lakini leo nimepata nafasi na nataka tuzungumze juu ya kidude ambacho kila nikipita nacho sokoni Ogwedhi lazima mtu aniulize habari zake: kompyuta ndogo ya GPS inayofungwa kwenye usukani wa baiskeli. Swali la kwanza huwa "inafanya nini?" Swali la pili huwa "ulinunua pesa ngapi?" Nikitaja bei, wazee hucheka. Kwa pesa hiyo, wananiambia, ungepata mtamba, na mtamba angezaa.

Hawajakosea. Garmin Edge 540 ilipotoka mwaka 2023 iliuzwa karibu dola 350 za Marekani, kabla ya usafiri na ushuru. Kwa hiyo swali la kidude gani kinafaa baiskeli ya milimani si la mchezo kwa mtu wa huku. Ukikosea umepoteza ng'ombe.

Mimi nilikosea, na ndiyo maana naandika.

Msimu wa mvua wa mwaka jana tulikuwa watatu, mimi, binamu yangu na jirani yetu mmoja. Tuliondoka Ogwedhi asubuhi tukapanda kuelekea Trans Mara. Wakati wa kurudi mvua ilitukuta, giza likawa linaingia, na binamu yangu akateleza kwenye korongo lililochimbwa na maji. Mfupa wa bega ulivunjika. Simu yangu ilikuwa imezima kwa kuwa niliitumia kupiga picha siku nzima. Kidude changu cha bei kubwa kilikuwa na skrini ya kugusa, na matone ya mvua yalikuwa yanaigusa kuliko mimi. Kurasa zilifunguka na kujifunga zenyewe. Nilipofika kwenye ramani nikaona mshale mmoja katikati ya uwanja mweupe. Hakuna njia, hakuna mto, hakuna shule. Tupu kabisa.

Kilichotuokoa ni kidude cha jirani yetu, cha bei ya chini, kisicho na ramani wala rangi. Kilikuwa na vitufe viwili na namba kubwa. Alikumbuka kwamba tulipovuka daraja la mbao kilisoma kilomita 21.8, na pale tulipokuwa kilisoma 25.2. Akatoa kabambe yake, akampigia kijana wa pikipiki anayelijua daraja lile, akamwambia: ukivuka shika njia ya kushoto, tuko kilomita tatu na nusu mbele. Pikipiki ilifika. Binamu yangu amepona na anaendesha tena, ingawa mama yake bado hajanisamehe.

Tangu siku hiyo nimebadilisha maoni yangu yote kuhusu vidude hivi. Haya basi, twende hatua kwa hatua.

Kwanza, setilaiti. GPS inatumia setilaiti zinazozunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kila moja inatangaza saa yake, na kidude chako kinapima ishara imechukua muda gani kufika. Setilaiti nne zinatosha kujua uko wapi. Kosa la milioni moja ya sekunde linakupeleka mita 300 pembeni, kwa hiyo ni kazi ya ajabu. Hadi tarehe 2 Mei 2000 Marekani ilikuwa inaiharibu ishara ya raia kwa makusudi, na makosa yalifika mita 100. Bila uamuzi wa kuacha mtindo huo, nisingekuwa na mada ya leo.

Leo vidude vingi vinasikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Vile ghali vinapokea masafa mawili badala ya moja. Je, kuna maana? Ipo. Ishara hupita kwenye tabaka la juu la hewa linaloitwa ionosfea, na ukanda wetu wa ikweta una ionosfea yenye vurugu kuliko Ulaya, hasa baada ya jua kutua. Masafa mawili husaidia kupunguza kosa hilo, na pia kosa la ishara zinazodunda kwenye miamba. Mifumo ya kusahihisha kama WAAS na EGNOS ambayo husifiwa kwenye makaratasi ya bidhaa ilijengwa kwa ajili ya Marekani Kaskazini na Ulaya, kwa hiyo usiilipie.

Lakini jiulize: unahitaji usahihi kiasi gani? Njia zetu zinapita kwenye vilima vya wazi, mashamba ya miwa na tumbaku, si msitu mnene. Kosa la mita tano halitakupoteza. Kama pesa ni kidogo, masafa mawili si kitu cha kwanza.

Cha muhimu zaidi ni mara ngapi kidude kinaandika. Hakikisha kinaweza kuandika nukta moja kila sekunde. Baadhi huja na mpango wa kubana nafasi ambao unaruka nukta. Kwa kilomita 18 kwa saa unakwenda mita 5 kila sekunde. Kikiandika kila sekunde tano, kati ya nukta na nukta kuna mita 25, na njia ya kupinda-pinda mlimani inakatwa kona. Umbali unapungua kwenye rekodi ingawa miguu yako inajua ukweli.

Dawa ya hilo ni sensa ya gurudumu. Ni ya bei ndogo, na kwa waendeshaji wa milimani naiona bora kuliko rangi za skrini. Lakini pima gurudumu lako mwenyewe: weka alama ya chaki kwenye tairi na chini, sukuma mzunguko mmoja ukiwa umekalia, pima kwa futi ya fundi. Gurudumu langu la inchi 29 linatoa mita 2.3 hivi. La inchi 26 ni mita 2.07 hivi. Ukiacha kipimo cha inchi 26 kwenye gurudumu la 29, kilomita 50 zitasomeka 45. Siku ile ya korongo, kosa kama hilo lingempa kijana wa pikipiki hesabu yenye upungufu wa zaidi ya mita 300, gizani, kwenye mvua.

Pili, mwinuko. Hapa ndipo wauzaji wanapochezea watu. GPS peke yake ni dhaifu kwa kupima kimo kuliko kupima mahali, na makosa yake madogo ya kupanda na kushuka yakijumlishwa yanakupa mlima ambao hukupanda. Kwa hiyo tafuta kidude chenye barometa, yaani kipimo cha kanieneo ya hewa. Ukiwa mita 1,400 juu ya bahari, hektopaskali moja ni kama mita 10 za kimo, na barometa nzuri inaona hata mita moja.

Ila barometa nayo ina jambo lake huku kwetu ambalo sijaliona kwenye vitabu vya maelekezo. Katika nchi za joto kanieneo hupanda na kushuka kila siku kama maji ya bahari: kilele karibu saa nne asubuhi, chini kabisa karibu saa kumi jioni. Tofauti ni takribani hektopaskali 3. Maana yake, ukiacha baiskeli ukutani tangu saa nne hadi saa kumi, kidude kitakwambia kimepanda mita 30 bila kusogea. Si kibovu. Kiambie kimo sahihi kabla ya kuondoka. Ndugu zetu wa Homa Bay wana bahati, wanaweza kuanzia ufukweni, kwani Ziwa Victoria liko karibu mita 1,135 juu ya bahari.

Tatu, ramani. Hili ndilo lililoniuma. Kidude kinaweza kuja na ramani nzuri sana ya bara ambalo hukai. Kabla ya kulipa, uliza maswali mawili: ramani iliyomo ni ya wapi, na je, naweza kuweka yangu? OpenStreetMap, mradi wa ramani huria ulioanza mwaka 2004, unatoa data zake bure, na zipo programu za kuzigeuza ziwe ramani za vidude vingi. Hiyo ndiyo njia yetu.

Hata hivyo, ramani huria inajua kile tu ambacho watu wameichorea. Kibera, katikati ya Nairobi, ilikuwa karibu tupu kwenye ramani hiyo hadi vijana wa Kibera walipoanza kuichora mwaka 2009 kupitia Map Kibera. Walitembea na GPS mikononi. Kwa hiyo nilipoona uwanja mweupe pale korongoni, kosa halikuwa la kiwanda peke yake. Mimi nimesoma sayansi ya kompyuta, naandika programu kila siku kwa mshahara, na sijawahi kuchora hata njia moja ya kwetu. Niliona haya.

Ndiyo maana pia sishawishiki na mapambo ya milimani. Edge 530 ya mwaka 2019 ilikuja na hesabu ya kuruka, alama ya ugumu wa njia na alama ya ulaini wa kuendesha. Ni burudani, sikatai. Lakini maelezo ya njia ndani ya vidude hivi yanategemea waendeshaji waliozikusanya. Pasipo na aliyekusanya, unalipia kabati tupu.

Nne, vitufe na betri. Chagua vitufe. Mvua, matope na glavu si rafiki wa skrini ya kugusa. Betri iwe ya saa 12 kwenda juu, nawe uipunguze kichwani, kwa sababu saa za kwenye boksi ni za siku njema. Na simu yako isiwe ramani, kamera, redio na simu ya dharura kwa wakati mmoja. Ibaki simu.

Tano, na hapa nazungumza kama mtu wa programu: faili liwe lako. Mwezi Julai 2020 huduma za mtandaoni za Garmin zilizimwa kwa siku kadhaa na shambulio la wahalifu wa kompyuta. Waliojua kuchomeka waya wa USB waliendelea kutoa mafaili yao ya FIT kutoka kwenye kidude. Waliozoea kila kitu kwenda chenyewe hewani walikaa kusubiri. Huku kwetu, ambapo bando huisha na mtandao hukatika, jambo hili ni la kila wiki. Kidude kisichokuruhusu kutoa faili la FIT au GPX kwa waya, usinunue hata kikiwa cha dhahabu. Ukishakuwa na GPX unaweza kuifungua kwa programu ya maandishi ukajionea: latitudo, longitudo, kimo, saa. Mistari kumi ya Python inatosha kuanza kuhesabu.

Kwa kifupi, nikiulizwa leo nitashauri hivi. Mwenye pesa kidogo anunue kidude cha chini chenye vitufe, namba kubwa na USB, aongeze sensa ya gurudumu. Mwenye pesa ya kati atafute chenye barometa na uwezo wa kufuata mstari wa GPX, hata bila ramani kamili. Mwenye pesa ya mtamba anunue chenye ramani, kwa sharti kwamba anaweza kuweka ya OpenStreetMap, na kwamba ataichora. Na asiye na pesa apande tu. Wavulana wengi waliofunzwa na David Kinjah kule Kikuyu walianza na baiskeli kuukuu, na mmoja aliyepita mikononi mwake, Chris Froome, alishinda Tour de France mwaka 2013.

Kuhusu kuchora, naomba tuwe na adabu. Januari 2018 iligunduliwa kwamba ramani ya Strava ya mazoezi ya watu ilikuwa inaonyesha kambi za kijeshi. Sisi hatuna kambi, lakini tuna mifugo, na sisi wa mpakani tunajua wizi wa mifugo una uchungu gani. Barabara, madaraja, vivuko, shule na zahanati vichorwe. Njia inayopita katikati ya boma la mtu au inayokwenda moja kwa moja kwenye zizi, muulize mwenyewe kwanza. Akikataa, iache.

Mimi nimeanza. Daraja la mbao sasa liko kwenye ramani, pamoja na njia ya kushoto na lile korongo. Mwaka 2021 mashindano ya Migration Gravel Race yalianza katika nyika za Maasai Mara, kaunti jirani, na waendeshaji walikuja kutoka nchi za mbali. Siku mgeni kama huyo akipotea akashukia upande wetu, ningependa skrini yake isiwe nyeupe. Na siku kijana wa kwetu akianguka jioni, ningependa anayekuja kumchukua awe na zaidi ya kumbukumbu ya jirani.

Yule jirani, kwa taarifa yenu, bado anakitumia kidude chake cha vitufe viwili. Nilijitolea kumpa changu tubadilishane. Amekataa.