Ras Mkumbi Katika Ramani na Katika Tungo

Wanasayansi wetu wamezoea kuijua nchi kwa ramani, vipimo na takwimu. Desturi hiyo ni njema, na haina budi kuendelea. Lakini iko njia nyingine ya kuijua nchi, nayo ni fasihi ya watu wanaoishi mahali penyewe. Njia hiyo imeachwa nyuma mno, na hasara yake ni ya sayansi pia, si ya fasihi peke yake.

Tuchukue mfano wa Ras Mkumbi, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Mafia. Wajerumani, waliokitwaa kisiwa hicho baada ya mapatano ya mwaka 1890, walijenga mnara wa taa katika rasi hiyo mwaka 1892. Mwaka 1896 Oscar Baumann alichapisha kitabu juu ya Mafia huko Leipzig. Ramani yaweza kumwonyesha nahodha mwamba ulipo na kina cha maji. Haimwelezi wenyeji wanauitaje mwamba huo, wala kwa nini.

Lugha ya bahari ya wenyeji wa pwani ni elimu iliyotokana na uchunguzi wa karne nyingi. Wametofautisha kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu. Mwaka wao wa Nairuzi, wenye siku 365, ulihesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, ukawaongoza mabaharia na wakulima. Elimu hiyo haikuwekwa vitabuni. Ilitiwa katika methali, mafumbo na nyimbo za kazi.

Wapo wenzetu watakaosema kwamba shairi si kipimo. Ni kweli. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia mwezi Mei mwaka 2024, nguvu zake zilipimwa kwa vyombo, si kwa vina na mizani. Hata shairi la “Kimbunga” la Haji Gora Haji wa Tumbatu (1933–2021), lililoipa jina diwani yake ya mwaka 1994, ni fumbo kuliko taarifa ya hali ya hewa. Lakini mtunzi huyo alikuwa mvuvi na baharia. Fumbo la bahari hutungwa na aijuaye bahari, na hufumbuliwa na aijuaye vilevile. Kijana asiyejua bamvua ni nini hupoteza mambo mawili kwa mara moja: maarifa ya maji na maana ya methali.

Tena liko suala la lugha. Mwanaanthropolojia Pat Caplan alianza utafiti wake kaskazini mwa Mafia mwaka 1965. Kitabu chake cha mwaka 1997 kimejengwa juu ya masimulizi ya wanakijiji, pamoja na shajara ambayo mmoja wao aliiandika kwa Kiswahili. Kazi hiyo yastahili sifa. Hata hivyo kitabu kilitolewa kwa Kiingereza, na mkazi wa Mafia asiyejua lugha hiyo hawezi kusoma humo maneno ya jirani yake. Sisi tuliosomea ng’ambo tuna sehemu ya wajibu wa kuirekebisha hali hii.

Napendekeza basi mambo mawili. Kwanza, kila msafara wa utafiti wa bahari uwe na mtu wa lugha. Wimbo au jina la mwamba linalokusanywa liandikiwe mahali, mwezi, upepo uliokuwa ukivuma na jina la msemaji akiridhia, kama vile samaki wa maabara anavyoandikiwa kibandiko. Pili, nakala za Kiswahili zihifadhiwe katika shule za kisiwa chenyewe, si katika vyuo vikuu peke yake, ili walimu wa sayansi na wa fasihi wazitumie pamoja.

Gharama ya kazi hiyo ni ndogo. Wazee wanaoijua miamba kwa majina hawatatungoja. Ni afadhali tuanze nao sasa.