Wauzaji wa sola watuambie umri wa betri





Mwaka 2019 nilinunua sola ya nyumbani. Mwaka 2024 taa zikawa zinazimika kabla ya saa mbili usiku, nami nikashindwa kusahihisha madaftari. Muuzaji akanishauri ninunue seti nzima upya. Kabla sijauza mbuzi wangu, nilimwita fundi akapima. Kumbe paneli ni nzima. Kilichokufa ni betri tu!

Paneli huweza kudumu miaka 25, lakini betri ya asidi mara nyingi huchoka kati ya miaka 3 na 5. Mbona hatuelezwi siku ya kununua? Mwananchi hudhani akishalipa, mwanga ni wa bure daima.

Nashauri wauzaji waandike umri wa betri kwenye stakabadhi. Nasi wananchi tutenge fedha kidogo kila mwezi, kama tulivyotenga za mafuta ya taa. Aidha, betri chakavu zisitupwe ovyo. Zina madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa watoto wetu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Iramba, Singida.