Aljebra ni kazi yetu pia

Wenzangu wa kitivo cha lugha hudhani aljebra haituhusu. Mimi sikubali. Mwaka 1982, huko Marekani, John Clement aliandika juu ya wanafunzi wa uhandisi walioambiwa hivi: chuoni wanafunzi ni mara sita ya maprofesa, andika mlinganyo, W ikiwa idadi ya wanafunzi, P ya maprofesa. Wengi waliokosea waliandika 6W = P badala ya W = 6P. Baadhi walifuata tu mpangilio wa maneno. Wengine walisoma W kama “wanafunzi”, si idadi yao. Kuhesabu walijua, kilichowashinda ni tafsiri. Kwetu, watoto wengi huanza shule kwa Kiswahili, kisha hesabu huja kwa Kifaransa. Basi somo la msingi wa hesabu chuoni lifundishwe na mwalimu wa hesabu pamoja na wa lugha.