Wazazi, Tuwaulize Watoto Walichokisoma

Mjukuu wangu yuko darasa la tatu hapa Singida. Jioni moja aliniletea kitabu chake cha hadithi, akasimama wima mbele yangu kama askari wa gwaride, akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Sauti ilipanda na kushuka mahali pake, na kwenye kila nukta alipumua. Mama yake alitoka jikoni na mwiko mkononi, akapiga kigelegele. Mimi pia niliridhika, kwa kuwa nimefundisha shule za msingi miaka mingi na naijua kazi ya kumfikisha mtoto hapo. Kisha, kwa mazoea ya ualimu tu, nikamwuliza sentensi moja aliyoisoma, "Bibi alikalia mbuzi, akakuna nazi mbili," maana yake nini.

"Bibi alimpanda mbuzi, babu."

Halafu?

"Halafu akawa anamkuna."

Na nazi je? Mtoto akanyamaza, akainamia ukurasa kana kwamba nazi zingetoka humo zenyewe.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani. Kwetu mtoto hata hajaanza shule anaijua mbuzi ya nazi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma uliochongoka meno, ambacho mama hukikalia na sinia chini ya ulimi huo. Hapa Singida mbuzi ni mnyama, yuko zizini na analia alfajiri, na kukuna ni kujikuna unapowashwa. Mjukuu wangu hakukosea hata herufi moja. Alichukua maneno aliyopewa, akayajengea picha kwa vitu anavyovijua, na picha ikatoka vile.

Ndugu wasomaji, jambo hili ndilo lililonishikisha kalamu. Tumezoea kudhani kwamba maana imelala juu ya karatasi kama mchele kwenye ungo, na kwamba mtoto akishazijua silabi kazi yake ni kuchota. Sivyo hata kidogo. Maana hujengwa na msomaji mwenyewe. Mwandishi humpa baadhi ya vifaa, na vingine msomaji huvitoa ghalani kwake. Mtoto ambaye ghala lake ni tupu anaweza kupanda darasa baada ya darasa akitamka tu, na sisi tukapiga vigelegele mwaka hadi mwaka.

Anayetaka kuushuhudia ujenzi huo, atoboe tundu dogo katikati ya gazeti hili akishamaliza kulisoma. Mpe jirani yako alisome, wewe keti ng'ambo ya pili na uchungulie macho yake kupitia tunduni. Utaona kwamba hayatambai juu ya mstari. Yanaruka, yanatua, yanaruka tena, kama chiriku anayedona mtama uwanjani, na mara kwa mara yanarudi nyuma. Daktari wa macho wa Ufaransa, Émile Javal, aliyaandika hayo mwishoni mwa miaka ya 1870, na wataalamu waliomfuata walipima wakakuta kila mtuo huchukua kama robo ya sekunde. Wakati wa kuruka, jicho haliokoti neno lolote la maana. Kumbe kinachoingia kichwani ni vipande vipande, na akili ndiyo inayoviunga, ikibahatisha kijacho na kusahihisha kilichopita. Ndiyo maana hata msomaji hodari hurudi nyuma. Nimewakemea watoto wengi darasani kwa kurudi nyuma, "Songa mbele, acha kudodosa!", na leo najuta. Mtoto aliyerudi alikuwa ameona ufa katika jengo lake, akarudi kuuziba. Wa kumwogopea ni yule asiyerudi kamwe.

Lugha yetu yenyewe inatufundisha haya kila siku, ila hatuisikilizi. Chukua neno barabara. Andika "Mafundi wamejenga barabara," kisha andika "Mafundi wameijenga nyumba barabara." Herufi ni zile zile, lakini ulimi unaweka mkazo mahali tofauti, na huwezi kujua uuweke wapi mpaka uwe umeshaelewa habari. Kwa hiyo hata kutamka, ambako tunakuona ni hatua ya kwanza, wakati mwingine hungoja maana itangulie.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili kuliko sisi. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu, na nakala ya Utendi wa Tambuka ya mwaka 1728 ni ushahidi. Hati hizo hazikuwa na herufi ya p wala ya ch, na alama zake za irabu ni tatu tu, hivyo e na i zilivaa alama moja, na o na u vivyo hivyo. Mara nyingi pata, bata na mbata yaliandikwa sawasawa. Msomaji alilazimika kujua anasoma habari za kupata, za ndege wa majini, au za nazi kavu, ndipo aweze kufungua kinywa. Asiyejua lugha na mambo ya watu wake hakuweza kusoma mstari mmoja. Hati za Kilatini tunazotumia leo zimetupa neema kubwa, kwani kila sauti ina herufi yake na mtoto mwepesi hujua kuzitamka kwa mwaka mmoja. Neema hiyo hiyo ndiyo inayotudanganya. Kiswahili kinatamkika upesi mno, hata tunamwona mtoto amefika naye hajaondoka nyumbani.

Wapo watakaosema: mwalimu mzee, unadharau silabi? La hasha. Bila ba be bi bo bu hakuna kusoma. Mwaka 1986 wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, waliliweka jambo hili kwa hesabu ninayoipenda. Walisema kusoma ni kuyatambua maneno yaliyoandikwa, kuzidisha kuielewa lugha. Walisema kuzidisha, hawakusema kujumlisha. Ukizidisha kumi kwa sifuri unapata sifuri, na ukizidisha sifuri kwa kumi unapata sifuri ile ile. Shule zetu zinahangaikia upande mmoja wa hesabu, na upande wa pili zimemwachia Mungu.

Upande huo wa pili una nguvu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1988, huko Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi habari ya mchezo wa besiboli waisome. Baadhi ya wanafunzi walihesabiwa kuwa wasomaji hodari, wengine dhaifu, na katika kila kundi walikuwamo wanaoujua mchezo na wasioujua. Dhaifu waliojua besiboli waliielewa habari ile na kuikumbuka kuliko hodari wasioijua. Sikushangaa niliposoma hayo. Nimewahi kufundisha kijana aliyekuwa mkia wa darasa, ambaye kitabu cha jiografia kilimtoa jasho, lakini ukimpa ukurasa wa michezo anakueleza kwa nini bao lilikataliwa, nani aliotea, na kocha alikosea wapi kumtoa kiungo dakika ya sabini. Tulimwita mzito wa kusoma. Uzito haukuwa wake. Hakuna aliyekuwa amempeleka kwenye mto kabla ya kumpa sura ya mito.

Nchi hii iliwahi kulifanya jambo hili sawasawa. Mwaka 1968 mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO ulianza Kanda ya Ziwa, makao yake Mwanza, na vitabu vyake vilitungwa juu ya pamba, migomba, uvuvi na mifugo. Mkulima wa pamba alianza kusoma neno pamba huku vidole vyake vinalijua shamba kuliko mwalimu wake. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, mpango ukaenea nchi nzima, na kufikia 1986 takwimu za serikali zilihesabu watu wazima wanaojua kusoma kuwa asilimia 90. Waliuita mpango huo kisomo chenye manufaa. Nalipenda jina hilo kwa sababu linauliza swali: kusoma kwako kumekupa nini?

Maana kusoma bila kujenga maana si hasara ya darasani peke yake. Jirani yangu, mama aliyemaliza kidato cha nne, alichukua mkopo wa shilingi 300,000, ile mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Karatasi aliisoma kabla ya kutia saini. Baadaye alinisomea tena kibarazani kwangu, kwa sauti safi, "riba ya asilimia 20 kwa mwezi, muda wa marejesho miezi sita, deni lote hulipwa mwishoni." Alikuwa amejenga kichwani kwamba riba yote ni 60,000. Yale maneno mawili, kwa mwezi, macho yaliyapita na ulimi uliyatamka, lakini hayakupata mahali pa kukaa katika jengo lake. Kwa miezi sita riba peke yake ilikuwa 360,000, kupita fedha alizokopa. Cherehani yake ilichukuliwa.

Tena wapo wanaomeza vidonge vitatu kwa mkupuo kwa sababu bahasha ya dawa imeandikwa 1×3. Aliyeiandika alijua kwamba ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Aliyeipokea aliisoma kama hesabu ya shuleni. Naitaja bahasha hii ili asije mtu akadhani nasema kila msomaji ana ruhusa ya kujenga apendavyo. Jengo linaweza kuwa bovu, na likianguka linaua.

Basi wazazi wenzangu, nawasihi. Mtoto akimaliza kukusomea, usikomee kwenye "Hongera, mwanangu." Mwambie afunge kitabu, akusimulie kwa maneno yake. Mwulize bibi alifanya nini, kwa nini, na yeye angefanyaje. Akikosea usimcheke wala usimchape, maana kosa lake ni dirisha, linakuonyesha alichokosa ghalani. Halafu lijaze ghala hilo. Mpeleke sokoni, mwache ashike mizani. Mwite jikoni, umwambie hiki ni kinu na ule ni mchi, wavulana pia. Zungumza naye njiani badala ya kumkokota kimya ukiangalia simu. Watoto wengi wa mjini siku hizi wanaishi na watu wazima wanaowaamuru tu, njoo, kaa, nyamaza, lala, na kwa amri nne huwezi kusoma kitabu.

Turudishe pia vitendawili. Mtoto anapoambiwa "Nyumba yangu haina mlango," akahangaika mpaka akapata yai, amefanya kazi ile ile anayotakiwa kuifanya mbele ya ukurasa. Amepewa maneno machache, ameyapimia vitu vyote anavyovijua, amekataa visivyofaa, amechagua kimoja. Bibi zetu wasiojua hata herufi moja walikuwa walimu wa kusoma kila usiku, bila mshahara.

Nanyi walimu wenzangu, sijasahau watoto wanne kwenye dawati moja, wala muhtasari unaowasukuma kama gari la abiria. Siwaombi muda msio nao. Nawaomba dakika tano kabla ya kitabu kufunguliwa: "Leo tunasoma habari za bandari. Nani amewahi kuona meli? Nani ameona mtumbwi?" Asiyeona aambiwe na aliyeona. Ninazikumbuka dakika hizo nilizozipuuza miaka yote, nikikimbilia kumaliza sura, nikazimaliza zote na watoto wakabaki nyuma.

Nilimpigia simu dada yangu Pangani, akanitumia mbuzi kwa basi, imefungwa kwenye gunia. Nikanunua nazi mbili sokoni, ghali kwa huku, nikazivunja, nikamkalisha mjukuu wangu. Alipapasa meno ya chuma kwa kidole, taratibu, kisha akaanza kukuna, na vipande vya kwanza vikaruka hadi mlangoni. Tulikamua tui, yakabaki machicha. Usiku akakitafuta kitabu bila kuambiwa, akasoma ukurasa ule ule kwa sauti ya chini, akasimama katikati, akarudi nyuma mistari miwili. Akaniuliza, "Babu, mbona hawakuandika machicha aliwapa nani?"