Homa ilipimwa, kikohozi kikasahauliwa

Tarehe 24 mwezi wa tatu 2020, Rais Tshisekedi alitangaza hali ya dharura juu ya Corona. Tarehe ileile, kila mwaka, njo siku ya dunia nzima ya kukumbuka kifua kikuu. Mwaka ule hata sisi wa sendika hatukuikumbuka. Tunakubali kosa.

Wale waliofungiwa ndani ya kompani miezi ile wanajua namna ilikuwa. Ku mlango, chombo cha kupima joto ku paji la uso. Joto iko sawa, ingia, enda ku kazi. Unakohoa, unapelekwa pembeni, na mutu wa sous-traitance alijua kama kutoka pembeni mpaka nyumbani bila mushahara haiko mbali. Sasa nani angesema ukweli? Tuliona bandugu wakimeza kikohozi mbele ya mlango kama mutu anameza bukari ya moto. Wengine walikuwa nacho tangu kabla ya Corona.

Kuchunga magonjwa haiko kitu ya ajabu. Nesi wa kituo cha afya anaandika mu kitabu: juma hii wagonjwa ngapi wa surua, ngapi wa kipindupindu. Wa kifua kikuu wako na kitabu chao. Hesabu inapanda ku zone ya afya, kisha ku provensi, kisha Kinshasa. Kama mugonjwa anaogopa kuja, kitabu kinabaki cheupe, na mukubwa mu ofisi anafikiri ugonjwa umepunguka.

Njo vile ilipita mu dunia nzima. Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa wapya wa kifua kikuu milioni 7,1 mu 2019; mu 2020 walioandikwa walikuwa milioni 5,8 tu. Lakini waliokufa walipanda, kutoka milioni 1,4 mpaka 1,5. Ugonjwa haukuenda konje. Mu nchi nyingi, mashini za kupima makohozi na watu wa laboratware walihamishiwa ku Corona.

Hapa Lualaba hatari inazidi. Vumbi ya majiwe inaharibu mapafu, na pafu lenye kuharibika linakamata kifua kikuu kwa upesi. Mugonjwa moja asiye na dawa anaweza kuambukiza watu 10 na zaidi mu mwaka. Hesabu wale wanaolala chumba kimoja Kasulo ao Kapata, hesabu watoto wake, utaelewa.

Na watoto walikuwa na yao. Wakati Corona inaingia Kongo, surua ilikuwa imeua watu zaidi ya 6 000 mu nchi, wengi wao watoto. Mwezi wa ine 2020, Profesa Muyembe alisema Kongo iko tayari kwa majaribio ya chanjo ya Corona. Kelele ikapanda, akaeleza tena kama hayangeanzia kwetu. Lakini neno lilikuwa limekwisha kufika sokoni. Tuliona bamama waliokimbia kila sindano, hata ile ya surua.

Corona ilistahili kuogopwa, hatukatai. Tunakataa mutindo wa kulinda kazi tu wakati tunasema tunalinda mutu. Sheria ya kazi inaamuru kompani itunze mufanyakazi na jamaa yake. Basi, kuanzia sasa hadi ugonjwa ingine mupya utakapokuja, tunaomba dispansari za kompani ziulize kila mutu, sous-traitance pia: unakohoa tangu lini? Makohozi yapelekwe ku laboratware. Hesabu ifike ku zone ya afya, isilale mu drowa ya kompani, na komite ya usalama na usafi iione kila mwezi. Na anayemeza dawa miezi 6 asipoteze kazi. Bila hiyo, hakuna atakayesema ukweli, na kitabu kitabaki cheupe hata kama munaleta mashini kumi.

Ndugu, ukikohoa juma mbili na zaidi, enda ku kituo cha afya. Dawa za kifua kikuu ni bure. Kama mukubwa wa timu anakukatalia ruhusa, andika tarehe na saa, uilete kwa delege wako.