Nani Alikuambia Kura Yako Itapotea?

Rudi nyuma kidogo. Jumanne, Julai 26, 2022, jioni. Tumejazana kwa keja moja hapa Umoja Innercore, vijana wanane wa kanisa moja. Chapo na maharagwe ziko kwa sinia, TV imewekwa juu ya kreti ya soda, na tunangoja mdahalo wa urais kutoka Chuo Kikuu cha Kikatoliki kule Karen.

Awamu ya kwanza ilikuwa ya watu wawili. Wajackoyah akafika, akakataa kupanda jukwaani, akaenda zake. Akabaki David Mwaure Waihiga wa chama cha Agano, wakili na mhubiri, amesimama peke yake na maswali yote ni yake. Akaongea kuhusu ufisadi na pesa za umma zinazoibwa. Mmoja wetu akasema, "Si haya ndiyo tunaombea kwa kesha kila mwezi?"

Tukanyamaza. Halafu mwingine, chapo bado iko mdomoni: "Ni kweli, lakini huyu hawezi shinda. Usiharibu kura."

Tukacheka, mjadala ukaisha. Tukarudi kubishana kuhusu wale wawili ambao "wanaweza shinda". William Ruto alikuja kwa awamu ya pili akasimama peke yake pia, maana Raila Odinga, sasa marehemu, hakuja.

Agosti 9 ikafika. Mwaure akapata kura 31,987 nchi nzima, asilimia 0.23. Kati ya wale wanane wa Umoja hakuna hata mmoja aliyempigia, na mimi ni mmoja wa hao wanane.

Elewa vizuri. Sisemi tungempigia Mwaure. Yeye mwenyewe Agosti 14, siku moja kabla ya matokeo kutangazwa, alikubali ameshindwa na akamuunga Ruto mkono. Huenda tungemchunguza kwa makini tungeona hatufai. Shida yangu ni kwamba hatukumchunguza. Mtu alisema yale sisi wenyewe tunasema mbele za Mungu, na tukamfuta kwa maneno mawili: usiharibu kura.

Sasa nikuulize wewe, na uchaguzi unakuja Agosti 10, 2027. Hayo maneno mawili uliyatoa wapi?

Mimi nimefuatilia yangu. Niliyatoa kwa mathe, na yeye hakuyaokota barabarani. Mwaka 1992, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi ya chama kimoja, upinzani uligawanyika. Nairobi ilimpa Kenneth Matiba. Kwingine wakampa Mwai Kibaki, kwingine Jaramogi Oginga Odinga. Moi akapata asilimia 36 hivi, akabaki Ikulu. Mwaka 1997 mambo yakajirudia, akapita na asilimia kama 40. Yaani mara mbili Wakenya wengi hawakumtaka, na mara mbili wakabaki naye kwa sababu kura zilitawanyika.

Kwa hivyo mzazi wako wa Jericho au Kariobangi akikuambia "usiharibu kura", mheshimu. Anaongea kama mtu aliyeungua. Wakati ule sheria haikudai mshindi apite nusu ya kura. Ilitosha kuwaongoza wengine na kupata asilimia 25 katika mikoa mitano kati ya minane. Mwaka 2007, Askofu Pius Muiru aliwania urais chini ya sheria hiyo, akapata kura 9,667. Mtu aliyeogopa kumpa kura yake ya tisa mia sita na kitu alikuwa na sababu.

Lakini Agosti 2010 tulipata Katiba mpya, na kifungu cha 138 kilibadilisha hesabu yote. Siku hizi rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, yaani 24 kwenda juu. Akikosa, wawili wa kwanza wanarudi kwa duru ya pili ndani ya siku 30. Sheria ilibadilika miaka mingi iliyopita. Vichwa vyetu bado viko 1992.

Kama hesabu hukupenda shuleni, tulia, nitakuonyesha na ploti yenu.

Ploti ina wapangaji 10. Mnachagua mtu wa kwenda kuongea na landilodi kuhusu maji, na lazima apate zaidi ya nusu ya kura zitakazopigwa. Msee wa gorofa ya juu ana watu 5. Msee wa gorofa ya chini ana watu 4. Kura ya 10 ni yako. Wa juu humtaki kabisa. Wa chini unaweza kumvumilia. Lakini unayemwamini ni yule mama wa mlango wa kwanza, anayeandika kila shilingi ya maji kwa kitabu.

Ukimpa wa chini, wanakuwa 5 kwa 5. Hakuna aliyepita nusu. Mnarudia.

Ukimpa mama, wa juu bado ana 5 kati ya 10. Hajapita nusu. Mnarudia, na safari hii unampa wa chini bila kulia.

Ukikasirika ulale, kura zilizopigwa ni 9. Wa juu ana 5 kati ya 9. Amepita. Kesho anaongea na landilodi kwa niaba yako.

Umeona? Kura uliyompa mama haikumsaidia adui yako hata kidogo. Kilichomsaidia ni kulala. Na mwaka 2022 walilala wengi: watu zaidi ya milioni 22 walikuwa wamejiandikisha, na karibu milioni 8 kati yao hawakupiga kura. Hizo ndizo kura zilizopotea, si zile 31,987 za Mwaure.

Usidhani ni hesabu ya ploti tu. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi na asilimia 50.07. Kwa hesabu iliyotangazwa siku ile, alikuwa juu ya nusu kwa kura kama 8,400 tu. Mwalimu Mohammed Abduba Dida, yule tuliyemcheka na kumpenda kwa mdahalo, peke yake alipata 52,848. Mwaka 2022 Ruto alipata 7,176,141, asilimia 50.49. Alivuka nusu kwa kura kama elfu 70. Elfu 70 katika nchi nzima! Ni Kasarani imejaa, na foleni bado iko nje. Kama watu wengi hivyo waliompa kura zao wakiwa na shaka moyoni wangempa mtu mwingine, angerudi kuwaomba upya ndani ya siku 30, na wangekuwa na nafasi ya kumwambia, "Sawa, lakini kwanza tuongee kuhusu ushuru."

Hapo ndipo penye utamu. Kura unayompa mtu kwa sababu "atashinda tu" haina masharti. Ameshaihesabu, hata jina lako hajui. Mtu anayekuhitaji kwa duru ya pili ndiye anayekusikiliza.

Kuna watu wa dini walioingia kwa mtihani huu bila hiyo nafasi ya pili. Unajua Wamormoni, wale vijana wa shati jeupe na tai wanaotembea wawili wawili mtaani? Hekalu lao la Nairobi liliwekwa wakfu Mei 2025. Kwao hasa ni jimbo la Utah, Marekani, ambako kwa miaka wamekuwa wakipigia Republican. Mwaka 2016 mgombea wa chama hicho alikuwa Donald Trump, na wengi wao hawakuweza kulinganisha mwenendo wake na yale wanafundisha watoto wao. Akajitokeza Mmormoni mwenzao, Evan McMullin, mgombea huru. Mjadala ukawa ule ule wa Umoja: huyu ana msimamo wetu, lakini hawezi shinda. McMullin alipata zaidi ya asilimia 21 Utah. Trump akapata kama 45, chini ya nusu, akachukua kura zote 6 za jimbo hilo. Hakukuwa na duru ya pili. Wao walikuwa na sababu ya kuogopa, na bado mmoja kati ya watano alifuata dhamiri. Sisi tuna duru ya pili kwa Katiba na hatuthubutu.

Sasa, usinisome vibaya ukadhani nasema mpigie mchungaji. Hapo ndipo kanisa letu la mtaani linanichosha. Tunachanganya msimamo na dini ya mdomo. Mgombea akijua mistari, akipiga magoti, akitoa machozi kidogo madhabahuni, tunasema "huyu ni wetu". Mwaka 2022 nilisikia hayo kwa masikio yangu, kutoka kwa watu wa pande zote mbili. Miaka miwili baadaye vijana wale wale walikuwa barabarani wakimwita rais Zakayo, mtoza ushuru wa kwenye Biblia. Juni 2024 mswada wa fedha ukaondolewa, lakini makumi ya vijana walikuwa wameshauawa.

Ukitaka kuona msimamo unafanana na nini, usiende mbali. Nenda Kayole, pale Kanisa Katoliki la Soweto. Jumapili ya Novemba 17, 2024 rais alihudhuria misa na kutoa shilingi 600,000 za kwaya na milioni 2 za nyumba ya mapadri, na ahadi nyingine juu. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akasema pesa zirudishwe, na ahadi zisipokelewe. Mtaani hapa, milioni 2 si mzaha. Kuna watu waliona askofu amewanyima Wakristo wa Soweto kitu chao, na siwezi kuwalaumu; nyumba ya mapadri haijengwi kwa hotuba. Lakini hicho ndicho kipimo. Msimamo ambao haujakugharimu kitu bado hujaujua kama ni msimamo.

Basi mpime mwaniaji wako hivyo hivyo. Usiulize anasali wapi. Uliza ni lini alikataa pesa, cheo au marafiki kwa sababu ya alichosema anaamini. Kama ni mbunge, alipiga kura gani kwa mswada wa fedha? Kama alikuwa ofisini, ripoti za mkaguzi zilisema nini? Ukikosa hata mfano mmoja, huyo si mama wa mlango wa kwanza. Ni msee wa gorofa ya juu aliyebeba Biblia.

Sitakuficha hatari zilizopo. Ukimpa mdogo kura yako, unaweza kumnyima yule "nafuu" ushindi wa mara moja, au hata wakiwa wengi kama wewe, akakosa kuingia wawili wa kwanza. Duru ya pili yenyewe hatujawahi kuifanya. Ile ya Oktoba 2017 ilikuwa marudio baada ya Mahakama ya Juu kufuta matokeo. Mwezi mzima zaidi wa siasa, hapa Eastlands, tunajua maana yake: vibanda kufungwa mapema, mathe kukupigia simu kila saa. Na kumbuka hesabu hii ni ya urais pekee. Kwa gavana, mbunge na MCA, mwenye kura nyingi anapita hata na asilimia 20. Huko ushauri wa wazazi bado una nguvu, pangeni kura zenu vizuri.

Lakini kwa urais, ukiniambia "hawezi shinda", nitakuuliza nani amekuambia. Kushinda si kitu mtu anazaliwa nacho kama kimo. Ni jumla ya watu kama wewe. Vijana wanane ndani ya keja moja walikubaliana mtu hawezi kushinda, na kwa kukubaliana hivyo wakahakikisha. Ni keja ngapi zilikuwa na mazungumzo hayo usiku ule, Dandora, Donholm, Kayole? Hakuna anayejua, kwa sababu kila moja ilidhani iko peke yake.

Juzi tumekutana tena, watano kati ya wale wanane. Wawili bado hawana kadi ya kura, wanasema hakuna haja. Nikawachorea ile ploti kwa tishu. Mmoja akaiangalia muda mrefu, akauliza, "Kwa hivyo nikilala ndiyo namsaidia?"

Ndiyo. Ukilala ndiyo unamsaidia. Ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako unaijua. Beba kitambulisho.